Kwa nini picha inayopendeza simuni huharibika ikichapishwa kikombeni

FAMILIA inapofiwa Nyeri, Karatina au Othaya, mojawapo ya maswali ya kwanza kuulizwa katika kikao cha maandalizi huwa ni hili: nani ana picha nzuri ya marehemu?

Siku huwa chache. Kijitabu cha mazishi kinasubiriwa, picha kubwa ya kuwekwa kando ya jeneza inasubiriwa, fulana za wajukuu zinasubiriwa, na pengine vikombe vya kuwapa jamaa waliosafiri kutoka mbali. Simu za ukoo mzima hupekuliwa hadi ipatikane picha moja ambayo wote wanaikubali. Katika kioo cha simu inang'aa. Inapotoka kwenye printa, uso umekuwa mweusi tititi, macho hayaonekani na kingo za kofia zimekatikakatika kama ngazi.

Hali hiyo hujirudia, kwa uzito mdogo zaidi, katika ruracio, katika mahafali ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na kile cha Karatina, katika harusi za Desemba, vijana wanapotoka jandoni na katika Siku ya Mama mwezi Mei. Vikombe, fulana, mito, kalenda, saa za ukutani na vibao vya mbao vilivyochorwa kwa miale ya leza vimekuwa zawadi za kawaida katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Nanyuki hadi Meru, Chuka, Embu, Kerugoya na Murang'a.

Kazi ikiharibika, lawama humwangukia mwenye duka. Aghalabu hastahili lawama zote, kwa kuwa hakuna printa inayoweza kutoa kitu ambacho hakikuwamo katika picha tangu mwanzo. Makosa mengi hufanywa kabla mteja hajavuka kizingiti cha duka.

Picha ya kidijitali ni mkusanyiko wa vijiraba vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Kamera ya simu yenye megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Ili jicho la mtu aliyeshika karatasi mkononi lisivione vijiraba hivyo, wachapishaji hupendelea pikseli 300 katika kila inchi moja. Kwa hesabu hiyo, picha nzima ya megapikseli 12 inaweza kujaza karatasi yenye upana wa zaidi ya sentimita 33 bila kupoteza ukali wake. Hiyo ni zaidi ya urefu wa karatasi ya A4, ambayo huhitaji pikseli 3,508 kwa 2,480.

Kikombe huhitaji picha ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu inayochapishwa katika kikombe cha kawaida ni takriban sentimita 20 kwa 9, yaani pikseli 2,360 hivi kwa 1,060. Ikiwa picha itakaa upande mmoja tu, kwa upana wa sentimita 8, pikseli 950 zinatosha. Karibu kila simu janja iliyouzwa katika miaka kumi iliyopita inaweza kutimiza hilo.

Tatizo basi liko wapi? Mara nyingi liko safarini. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu hiyo huipunguza ili isile data nyingi, na picha iliyotoka ikiwa na pikseli 4,000 hufika ikiwa na 1,600 hivi katika upande wake mrefu. Kwa kikombe, hizo bado zinatosha. Kwa picha kubwa ya kanisani, mambo huanza kuharibika. Na iwapo imetumwa kwa shangazi, naye akaipakia kwenye mtandao mwingine wa kijamii, kisha binamu akaipiga picha ya kioo cha simu na kuituma tena kwa kundi la ukoo, kinachomfikia mchapishaji ni kivuli cha kivuli.

Iliyo duni kuliko zote ni ile picha ndogo ya wasifu inayokaa kando ya jina la mtu katika WhatsApp. Ina takriban pikseli 640 kila upande, ambazo zikichapishwa kwa ukali unaotakiwa hazizidi sentimita tano na nusu. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo picha ambayo familia nyingi huichukua kwanza, maadam marehemu mwenyewe ndiye aliyeichagua.

Dawa ni kumtafuta mtu aliyepiga picha hiyo na kumwomba faili asilia. Aitume kwa WhatsApp kama hati, wala si kama picha, kwa sababu hati haipunguzwi. Tangu Agosti 2023 programu hiyo ina pia chaguo la kutuma picha kwa ubora wa juu, ambalo ni afadhali kuliko njia ya kawaida ijapokuwa halilingani na hati. Kadi ya kumbukumbu, flashi au waya wa simu hufanya kazi vilevile, na kwa aliye Nyeri mjini huenda kubeba simu yenyewe hadi dukani kukawa rahisi kuliko yote.

Anayetaka kujua picha aliyo nayo ina pikseli ngapi ahitaji tu kufungua maelezo yake katika simu. Asiyependa hesabu anaweza kutumia kipimo cha macho: aikuze picha hadi jicho moja lijaze kioo. Kope zikionekana moja moja, au walau mstari wa ukope ukawa wazi, picha inafaa. Jicho likigeuka doa la kijivu, haifai kwa kitu kikubwa, hata kama ilipendeza ilipokuwa ndogo.

Kipimo hicho hufichua jambo ambalo idadi ya pikseli hulificha. Kinachohesabika ni pikseli zilizo katika uso, wala si katika picha nzima. Picha ya harusi yenye watu 30 waliojipanga mbele ya kanisa inaweza kuwa na megapikseli 12, ilhali uso wa nyanya aliyesimama safu ya nyuma una pikseli 100 tu kwa upana. Ukikatwa peke yake na kukuzwa hadi ujaze fremu, hakuna fundi atakayeunusuru. Vivyo hivyo kwa picha iliyopigwa kutoka mbali kwa kuvuta kwa vidole: katika simu nyingi kuvuta huko ni kukata tu, na kila kivutwacho hupunguza pikseli.

Umbali wa mtazamaji nao hubadilisha hesabu. Picha ya kando ya jeneza hutazamwa kutoka viti vya kanisa, mita kadhaa kutoka ilipo, na kwa umbali huo pikseli 150 kwa inchi zinatosha. Ndiyo maana faili inayotosha karatasi ya A4 inayoshikwa mkononi hutosha pia picha ya A2, iliyo kubwa mara nne, ikitundikwa mbele ya waumini. Kijitabu kidogo, kinachosomwa karibu na pua, ndicho kinachodai ukali zaidi.

Suala la pili, ambalo katika ukanda huu lina uzito kuliko la pikseli, ni mwanga usoni.

Kioo cha simu hutoa nuru yake chenyewe. Karatasi, kitambaa na kikombe havina nuru. Hurudisha tu ile inayoviangukia. Kwa hivyo picha yoyote huonekana nyeusi zaidi ikishachapishwa, na mtu mwenye ngozi nyeusi ndiye anayepoteza zaidi, kwa kuwa mikunjo ya tabasamu, mashavu na kope zake zimo katika sehemu zenye kiza za picha. Sehemu hizo zikizama kidogo tu, uso hubaki umbo lisilo na mtu ndani yake.

Kamera huchangia. Kipimo chake cha mwanga hutafuta wastani: kikiona ukuta mweupe au anga angavu nyuma ya mtu, huipunguza nuru ya picha nzima, na anayepigwa picha hutiwa giza. Mkao unaopendwa sana, wa mtu kusimama mlangoni na jua likiwa nyuma yake, ndio mbaya kuliko yote. Kwenye simu nyingi, kugusa uso katika kioo kabla ya kupiga huiambia kamera ipime mwanga wa uso badala ya anga. Ni hatua ya sekunde moja ambayo wengi hawaifanyi.

Historia ya ufundi huu haikumjali mtu mweusi. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha za rangi katika nchi nyingi zilirekebisha mitambo kwa kutumia kadi ya kipimo yenye picha ya mwanamke Mzungu, na rangi zikihesabiwa kuwa sahihi pindi ngozi yake ilipoonekana sahihi. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya 1990. Mtu anayeshangaa kwa nini katika picha ya familia ya mwaka 1982 mavazi yanaonekana vizuri kuliko nyuso anaweza kuanzia hapo.

Jua la ikweta nalo lina tabia zake. Mstari wa ikweta hupita Nanyuki, na Nyeri haiko mbali nao. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini. Macho huingia kwenye mashimo ya kivuli na pua huangusha doa jeusi mdomoni. Ukingo wa kofia humaliza kazi. Afadhali kivuli cha veranda, mtu akiwa ameelekea nje, au saa mbili za kwanza na za mwisho za mchana. Na ile mawingu ya Juni hadi Agosti inayowachosha wakazi wa Nyeri kwa baridi na manyunyu ni neema kwa mpiga picha, kwani wingu hutandaza nuru sawasawa usoni bila kivuli kikali.

Wapo wanaotaka mlima wenyewe uonekane nyuma yao, hasa wageni wanaonunua vikombe vya ukumbusho na watoto wa eneo hilo wanaoishi ng'ambo. Hapa jiografia ina kauli ya mwisho. Kilele cha mita 5,199 huonekana vyema alfajiri na asubuhi, kabla ya mawingu kukifunika. Lakini ukiwa Nyeri, mlima uko upande wa kaskazini-mashariki. Ukiwa Nanyuki uko kusini-mashariki. Jua la asubuhi basi huchomoza nyuma yake au kando yake, na kinachopatikana ni umbo jeusi la mlima na uso mweusi wa mtu. Picha ya namna hiyo inapendeza kama kivuli, kwa anayetaka kivuli. Anayetaka theluji na majabali yaonekane, pamoja na uso wake, ana bahati zaidi akiwa Chogoria au Meru, ambako mlima uko upande wa magharibi na jua la asubuhi huuangaza ana kwa ana. Mkazi wa Nyeri hungoja jioni ambayo mawingu yameondoka, na huenda akangoja siku nyingi.

Ikumbukwe pia kwamba kikombe ni mviringo. Mtu hawezi kuona zaidi ya nusu ya mzingo wake kwa wakati mmoja, hivyo picha ya ukoo iliyozungushwa kutoka mkono mmoja wa kikombe hadi ule mwingine haitaonekana yote kamwe: ukiwaona wajomba, shangazi wamejificha nyuma. Picha ya mtu mmoja au wawili, karibu, ndiyo inayokifaa. Anayekunywa kwa mkono wa kulia huona ule upande ambao mkono wa kikombe uko kuliani kwake. Upande wa pili huonekana na aliyeketi mbele yake. Zawadi ya mama inayomwonyesha mgeni uso wa mtoto, huku mama mwenyewe akitazama maandishi, imepangwa kinyume.

Jinsi picha inavyohamia kwenye kitu nayo huamua ipi ichaguliwe. Vikombe vingi huchapishwa kwa wino maalumu ambao kwanza hupigwa kwenye karatasi, ikiwa imegeuzwa kama katika kioo, kisha karatasi hubanwa kwenye kikombe kwa joto la takriban nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika chache. Wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya utando wa plastiki uliopakwa kikombeni. Njia hii haina wino mweupe. Sehemu nyeupe ya picha ni weupe wa kikombe chenyewe.

Mambo mawili hutokana na hilo. La kwanza, wino huo hushika katika utando huo na katika kitambaa cha polista, wala haushiki katika pamba. Fulana ya pamba iliyochapwa kwa njia hiyo hufifia mara ya kwanza kufuliwa. La pili, hauwezi kutumika juu ya fulana nyeusi, nao weusi ndio rangi ambayo vijana huiomba mara nyingi. Kwa pamba na kwa vitambaa vya rangi nzito hutumiwa filamu inayobandikwa kwa joto, yenye tabaka la wino mweupe chini ya picha, au wino unaopitishwa kwenye wavu kama ulivyofanywa miaka mingi kabla ya kompyuta. Hapa ndipo maduka mengine yanapostahili lawama: mteja asipouliza, hupewa njia iliyo tayari siku hiyo. Swali la kuuliza ni fupi. Fulana hii ni ya pamba au polista, nayo itachapwa kwa njia gani?

Kibao cha mbao kinachochorwa kwa leza hakina rangi kabisa. Leza huunguza mbao, na kilichopo ni kahawia nyeupe na kahawia nyeusi. Picha yenye rangi nyingi zinazokaribiana, mathalani mtu aliyevaa shati la kijani mbele ya majani chai, hugeuka vurugu. Inayofaa ni yenye mtengano mkubwa wa nuru na kiza na mandhari tupu nyuma.

Mfano wa picha iliyostahimili kila aina ya uchapishaji uko hapo hapo Nyeri. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na mji huo Oktoba 21, 1956, akashtakiwa mjini humo na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Picha iliyopigwa baada ya kukamatwa kwake, akiwa amelala, mikono ikiwa na pingu na nywele zake za msokoto zikimzunguka, ilikusudiwa na serikali ya kikoloni kuonyesha kuwa mpiganaji ameshindwa. Miongo kadhaa baadaye uso huo huo uko katika fulana, vibandiko vya matatu na michoro ya ukutani.

Nakala nyingi za uso huo zimenakiliwa kutoka nakala nyingine, rangi za kijivu zimepotea, na hata hivyo hutambulika papo hapo. Sababu ni ya kiufundi kama ilivyo ya kihistoria: nywele zina umbo la pekee, na picha inaposazwa nyeusi na nyeupe tu bado inabaki na mistari inayoibeba. Uso wa kawaida wa mzee aliyepigwa picha shambani hauna bahati hiyo. Ukiondolewa kijivu chake, umeondolewa mwenyewe.

Na picha za wazee ndizo zenye mtihani mgumu zaidi. Kwa familia nyingi za eneo hili, picha pekee ya babu ni ile ndogo ya kitambulisho. Kwa nyanya hali ni ngumu zaidi, kwani wanawake hawakusajiliwa kwa vitambulisho vya kitaifa hadi sheria ya usajili wa watu iliporekebishwa mwaka 1978. Yupo basi nyanya aliyelea ukoo mzima tangu enzi za hali ya hatari, ambaye picha yake ya kwanza ilipigwa akiwa tayari ana mvi.

Picha ndogo ya karatasi isipigwe kwa simu juu ya meza. Kivuli cha mkono na mng'ao wa karatasi huiharibu. Ipelekwe kwenye skana, na mhudumu wa saiba aombwe aiskani kwa pikseli 1,200 kwa inchi badala ya 200 au 300 zilizozoeleka kwa barua. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa hivyo hutoa pikseli 1,650 hivi kwa 2,125, zinazotosha ukubwa wa sentimita 14 kwa 18, mradi picha yenyewe ni kali. Kitambulisho kilichofunikwa kwa plastiki yenye alama za usalama hakitatoa matokeo mazuri kama picha ya pili iliyobaki katika bahasha ya studio. Aghalabu bahasha hiyo ipo, ndani ya Biblia au chini ya sanduku, nayo inafaa kutafutwa kwanza.

Picha iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe. Unyevu huunganisha karatasi na kioo, na anayeivuta huacha nusu ya uso kiooni. Iskaniwe ikiwa hapo hapo ndani ya kioo.

Katika hili kuna kinaya. Picha nyeusi-nyeupe ya studio ya mwaka 1965 mara nyingi ina maelezo mengi kuliko ya rangi ya 1985, ambayo imegeuka nyekundu kwa sababu rangi zake nyingine zimefifia. Na zote mbili huishinda picha ya simu za kwanza zenye kamera, za katikati ya miaka ya 2000, ambazo nyingi zilitoa pikseli 640 kwa 480 tu. Aliyefariki mwaka 2006 akiwa na picha za simu pekee anaweza kuwa na uso hafifu kuliko babake aliyefariki 1970. Picha iliyogeuka nyekundu isilazimishwe irudi rangi. Kuifanya nyeusi-nyeupe huiokoa kwa haraka na kwa heshima.

Siku hizi maduka mengi hutoa suluhisho jingine: programu ya akili unde inayokuza na kusafisha picha. Kwa picha iliyofifia kidogo, msaada wake ni wa kweli. Kwa uso wenye pikseli chache, programu hairudishi kilichopotea bali hukisia. Huchora meno ambayo mzee hakuwa nayo, hufuta kovu, hunyoosha mikunjo, huchonga pua upya na mara nyingine huing'arisha ngozi. Matokeo ni picha safi ya mtu ambaye hakuwahi kuishi. Kijana aliyeagiza huenda asitambue, maana alimwona babu katika uzee tu. Mjane hutambua mara moja, naye hutambua mbele ya waombolezaji.

Ndiyo maana picha iliyosafishwa hivyo yafaa kuonyeshwa kwanza kwa mtu mzima aliyeishi na marehemu, ikiwa kando ya ile ya asili, kabla nakala 300 za kijitabu hazijachapwa. Akisita, ichukuliwe ya asili, hata kama ina ukungu, na ichapishwe ndogo. Picha ndogo halisi katika fremu pana yenye karatasi nyeupe pembeni huonekana imekusudiwa hivyo. Haihitaji kuombewa radhi.

Kwa zilizo nzuri, kazi inayobaki ni ndogo. Uso uongezwe nuru kidogo kuliko inavyopendeza simuni. Nafasi iachwe juu ya kichwa na pembeni, kwa kuwa karatasi, fremu na kikombe havina umbo moja, na duka lililokosa nafasi hukata utosi au huivuta picha hadi mtu awe mpana kuliko alivyo. Picha za kujipiga nazo zitazamwe kwa makini, kwani kamera ya mbele ya simu nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia, na jina la shule kwenye sweta husomeka kinyumenyume.

Kisha majina. Wazungumzaji wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru huandika herufi ĩ na ũ, na hati nyingi za mapambo katika kompyuta za maduka hazina herufi hizo. Kompyuta huweka kisanduku kitupu, au huazima herufi kutoka hati nyingine, na Wanjirũ akawa na kichwa cha maandishi ya mwandiko na mkia wa maandishi ya gazeti. Mteja aandike jina, tarehe na maneno yote kwenye karatasi kwa mkono wake, kisha aombe aonyeshwe mpangilio wa mwisho kabla ya mashine kuwashwa. Nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ya kawaida humgharimu mchapishaji kidogo sana, na wanaoijali kazi yao huitoa bila kunung'unika.

Lipo pia suala la sheria ambalo wateja wachache hulifikiria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Mwenye duka anayetundika dirishani kikombe chenye uso wa mtoto wa mteja, au kukitangaza katika kurasa zake za mtandaoni bila idhini, anajiweka hatarini. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Ni haki ya mteja kuuliza faili itakaa katika kompyuta ya duka kwa muda gani, na kuomba ifutwe.

Kabla haijafutwa, hata hivyo, aombe anakiliwe ile iliyoskaniwa na kusafishwa. Familia nyingi hulipia kuskaniwa kwa picha moja ile ile mara mbili au tatu, kwa sababu faili ilibaki dukani na simu iliyokuwa na nakala ikaibwa au kuanguka majini. Flashi moja kwa mwana mkubwa na nyingine kwa binti aliyeolewa mbali zinatosha. Picha iliyochapishwa nayo itundikwe mbali na dirisha linalopokea jua la moja kwa moja, na ile ya zamani irudi katika bahasha yake, penye ukavu, ikiwa imeandikwa nyuma kwa penseli laini jina la aliyepigwa na mwaka.